Mnyama na kwao: kwa nini kumhamisha si kazi ya lori tu

Mzee mmoja alikuja kwenye mhadhara wetu wa wazi akiwa na wajukuu wawili. Alikaa safu ya mbele, akasikiliza saa nzima habari za maziwa yanayofurika, misitu inayopungua na mito iliyobaki mchanga, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu," akaniambia, "nchi hii ni kubwa. Kama kwao pameharibika, si muwapakie kwenye malori muwapeleke pengine penye majani na maji?" Ukumbi ukacheka, ila haukumcheka yeye. Wengi walikuwa na swali hilohilo mdomoni, basi tu mzee aliwahi.

Nilimjibu kwa kisa cha Tsavo. Katikati ya mwaka 2018 faru weusi 11 walitolewa katika hifadhi za Nairobi na Ziwa Nakuru, Kenya, wakapelekwa kwenye eneo jipya lililotengwa Tsavo Mashariki. Si kwamba Tsavo ni ugenini kwa faru. Miaka ya 1960 ilikuwa na maelfu yao. Majani yapo, vichaka vipo, maji yalichimbwa. Lakini maji yale yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea walikotoka. Faru akinywa, kiu inazidi. Kiu ikizidi, anarudi kunywa. Ndani ya wiki chache kumi walikuwa wamekufa, na wa kumi na moja, aliyekuwa tayari hoi, akamalizwa na simba. Wote 11. Hawa walikuwa faru wale wale, spishi ile ile, ndani ya nchi ile ile, na safari yenyewe haikuzidi siku moja kwa lori.

Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe na maji yana kwao," akasema. Tangu siku ile nimelitumia neno lake mara nyingi kuliko nilivyomtaja mwenyewe.

Kiswahili chetu kina mtego mdogo hapa. Tunasema mnyama "amezoea mazingira", na neno hilo hilo tunalitumia kwa mtu wa Tanga aliyehamia Makete, kwenye milima ya baridi: wiki ya kwanza anatetemeka, mwezi wa tatu anatembea na shati moja. Huko ni kuzoea kwa mtu mmoja katika maisha yake. Tunachokizungumzia sisi ni kitu kingine. Katika kila kizazi wanyama hutofautiana kidogo: huyu figo zake zinabana maji zaidi, yule manyoya yake ni mazito. Mahali pakiwa pakavu, mwenye figo nzuri anaacha watoto wengi kuliko mwenzake, na watoto wanarithi figo za mama. Rudia hivyo vizazi maelfu na maelfu. Hakuna aliyeamua wala aliyejitahidi. Nasisitiza hili kwa sababu bado nakutana na wanafunzi waliofundishwa kwamba twiga alirefusha shingo kwa kuinyoosha kila siku kufuata majani. Ingekuwa hivyo, watoto wa wabeba mizigo wangezaliwa na mabega mapana.

Sasa twende Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, maana sijui mahali pengine panapolieleza jambo hili kwa ukali kama pale.

Ukichovya mkono kwenye maji ya Natron, vidole vinateleza kama umeshika sabuni. Ukiuacha mkono ukauke juani, ngozi inabaki na unga mweupe, na kama una mchubuko utaujua. Ni magadi. Majivu na miamba ya volkano za eneo hilo, Ol Doinyo Lengai ikiwa ndiyo jirani wa karibu, yamejaa sodiamu. Mvua na chemchemi za moto huisomba hadi ziwani, na ziwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, magadi yanabaki. pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi ya maji, hupita 10. Miaka ya 1950 mtafiti wa ndege Leslie Brown alijaribu kutembea kwa miguu juu ya tope lile ili afike kwenye viota. Magadi yalijaa ndani ya viatu vyake, yakamuunguza miguu vibaya, akaishia hospitalini Nairobi.

Viota alivyokuwa akivifuata ni vya heroe wadogo, wale ndege wa waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Takribani asilimia 75 ya heroe wadogo wote duniani huanzia maisha hapo. Jike hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope kilichopanda kidogo kuliko maji, katikati ya ziwa. Tope lile lililomuunguza Brown ndilo ukuta wa nyumba yao: fisi na mbweha hawathubutu kulivuka. Miguu ya heroe ina magamba magumu yasiyochomeka kirahisi, na kichwani ana tezi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Anakula kichwa kikiwa chini-juu, mdomo ndani ya maji, ulimi ukipiga kama pampu, maji yanaingia na kutoka kupitia vichujio vidogo pembeni mwa mdomo. Kinachobaki ndani ni spirulina, vijimea vya buluu-kijani visivyoonekana kwa macho, vinavyostawi kwenye magadi. Rangi ya waridi inatoka humo. Kifaranga wa heroe ni wa kijivu, na mkubwa akikosa chakula hicho hupauka.

Nikisema hivi watu hudhani heroe anaweza kuishi popote penye magadi. Hapana, hata hapo kuna kipimo. Mwaka 1962 Natron haikufaa kwa kuzaliana, heroe wakaenda Ziwa Magadi, kaskazini tu mwa mpaka, ng'ambo ya Kenya. Ni bonde lile lile la ufa na magadi yale yale, ila makali zaidi. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaliganda kwenye vifundo vyao, tabaka juu ya tabaka, hadi kila mguu ukawa umevaa kikuku kizito cha jiwe. Walishindwa kutembea, wakawa wanakufa kwa wingi. Mpiga picha za wanyama Alan Root na wenzake waliingia ziwani kuvivunja vikuku hivyo kimoja kimoja, wakaokoa maelfu. Waliokufa walikuwa wengi pia.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa. Nakuru lilimeza barabara, lango na majengo ya hifadhi. Kwa macho ya kawaida, maji mengi na yaliyopungua ukali ni neema. Kwa heroe ni njaa, kwa sababu spirulina haistawi kwenye magadi yaliyozimuliwa. Ufuo uliokuwa ukionekana wa waridi kutoka juu ya kilima ukabaki na mwari, yaani wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo wanaokula samaki. Samaki wamependa yale maji, heroe ameyakimbia.

Na nikiwa bado Magadi, nisimsahau samaki mmoja, perege mdogo wa humo, asiyezidi urefu wa kidole. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia, inavujia majini kupitia matamvua, basi. Kwenye maji makali kama ya Magadi amonia haitoki. Ingebaki mwilini ikamuua. Perege huyu anaigeuza kuwa urea, kama tufanyavyo mimi na wewe kwenye mkojo, halafu ndiyo anaitoa. Anaishi pembezoni, kwenye vidimbwi vya chemchemi vyenye joto linalopita nyuzi 40. Mimi maji ya nyuzi 40 nayaogea kwa kujivuta.

Nchi kavu ina wajanja wake, na ninayempenda zaidi ni choroa. Yuko Tarangire na Mkomazi, yuko Tsavo na kaskazini mwa Kenya: paa mkubwa wa kijivu, uso wenye mistari myeusi, pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Sisi tukipata joto tunatoa jasho, na jasho ni maji. Choroa mwenye kiu hatoi. Anauacha mwili upate moto. Katika majaribio yaliyofanywa Kenya miaka ya 1960, joto la mwili wa choroa waliofungiwa penye joto kali na kunyimwa maji lilipanda hadi kupita nyuzi 45. Binadamu akifika 42 tunaanza kumwombea. Anachokilinda choroa ni ubongo. Damu ya moto inayopanda kutoka moyoni hupita kwanza kwenye wavu wa mishipa midogo chini ya ubongo, ambako inakutana na damu iliyotoka puani ikiwa imepoa. Pua imepoa kwa sababu anapohema unyevu wa ndani yake unageuka mvuke, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji uani. Dikidiki, yule paa mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga uliokatishwa, anatumia hila hiyohiyo, na ndiyo sababu ya ile pua.

Choroa pia anajua saa ya kula. Kuna vichaka vya nyika ambavyo mchana majani yake ukiyafikicha yanakuwa unga. Usiku, hewa inapopoa, majani yaleyale hunyonya unyevunyevu. Anayekula usiku amekula na kunywa kwa wakati mmoja.

Ndugu yake wa Uarabuni, choroa mweupe, ana hadithi ambayo wasomaji wetu wa Oman huenda wanaijua kuliko mimi. Choroa wa mwisho wa porini waliuawa mwaka 1972 kwenye uwanda wa Jiddat al-Harasis, Oman. Wachache walikuwa wameshachukuliwa mapema na kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, Marekani ikiwamo. Mwaka 1982 kundi la kwanza likarudishwa jangwani, na halikupelekwa jangwa lolote lile bali Jiddat ileile. Uwanda ule hauna mito, lakini usiku ukungu kutoka Bahari ya Arabu hutambaa bara na kuacha matone kwenye majani na miti. Choroa aliyezaliwa kwenye zizi la ng'ambo, ambaye mama yake hakuwahi kuuona ukungu huo, alishuka pale akajua kulamba na kulisha. Kwa upande wa mwili, mambo yalikubali. Mwaka 1994 eneo likaandikwa kuwa Urithi wa Dunia. Kilichoharibu ni ujangili ulioanza 1996: kutoka wanyama 450 wakabaki kama 65, eneo likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 likawa la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha hiyo.

Habari za baridi nitazipitia haraka, maana vitabu vya shule vimezieleza vya kutosha. Pengwini wakubwa wa Antaktika hutaga wakati wa majira ya baridi kali, na dume hulikalia yai juu ya nyayo zake kwa siku 65 hivi bila kula, wakisongamana mamia kwa mamia na kupokezana nafasi za katikati. Mbweha wa ncha ya Kaskazini ana masikio mafupi ya mviringo ili asipoteze joto. Mbweha wa Sahara ana masikio makubwa ya kulipunguza, kama tembo wetu anavyoyapepea mchana. Ila usiifanye kanuni ya kila sikio. Mbweha masikio wa Serengeti ana masikio kama sahani kwa sababu nyingine: anasikiliza mchwa wakitafuna chini ya nyasi.

Kuna wanaofaulu kuhama, nisije nikaonekana nasema uongo. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliotoka Ulaya, wengine wakiwa wameishi kwenye vizimba miaka mingi, walifunguliwa katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, mahali ambapo sokwe hawakuwapo. Walijifunza matunda mapya, wakajenga vitanda vyao mitini, wajukuu zao wapo hadi leo. Sokwe anabeba sehemu kubwa ya maarifa yake kichwani, si kwenye figo. Na kuna kunguru. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kusafisha taka. Leo ukikaa Dar es Salaam au Mombasa ukaanika dagaa, utaniambia mwenyewe alivyofaulu. Yeye makazi yake si msitu wala nyika. Makazi yake ni sisi na majalala yetu, na popote tulipo, yupo kwao. Ndege wadogo ambao mayai na makinda yao anayala hawana pa kulalamika.

Maarifa ya kichwani, kama hayo ya sokwe, hayapimwi kwa urahisi, kwa hiyo yanasahaulika tunapopanga kuhamisha au kupunguza wanyama. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire. Watafiti waliokuwa wakizifuata familia za tembo walihesabu watoto 81. Katika miezi 9, 16 kati yao walikufa. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza wachache, zile zilizobaki ndani ziliumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliotoka waliongozwa na majike wazee, wenye umri wa kuwa waliuona ukame wa kati ya 1958 na 1961. Wengine hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha njia, kwani ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwaondoa kwanza wenye meno makubwa, yaani wazee. Ukimpakia tembo kijana kwenye lori umembeba yeye, ramani umeiacha.

Nimemweka mwisho mnyama mdogo kuliko wote, kwa sababu naye, kama choroa wa Oman, alihamishwa kweli hadi ng'ambo, na kurudi.

Chura wa Kihansi alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, wakati bwawa la umeme la hapo likiwa linajengwa. Ni wa rangi ya haradali. Dume ni kama ukucha wa dole gumba, jike hafiki sentimita tatu. Dunia yake nzima ilikuwa kama hekta mbili, viwanja viwili vitatu vya mpira, chini ya maporomoko, ambako rasharasha ya maji ilianguka usiku na mchana mwaka mzima. Hapo chura wa kawaida angepata taabu: hakuna kidimbwi kilichotulia cha kulea viluwiluwi, kila kitu kinasombwa. Chura wa Kihansi hatagi majini. Jike anabeba mimba na kuzaa vyura kamili, kila mmoja kama nusu sentimita, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hivi kwamba ukimgeuza unawaona watoto ndani. Puani ana vikunjo vidogo vya ngozi vinavyofunika matundu. Ukiishi ndani ya rasharasha unahitaji kitu kama hicho.

Mwaka 2000 maji ya mto yalianza kupitia kwenye mitambo, megawati 180, umeme ambao nchi iliuhitaji sana. Karibu asilimia 90 ya maji yaliacha kupita kwenye korongo. Rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, huku korongoni yakifungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko. Kwa muda mabomba yalionekana kutosha; katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kuwa kama 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka, na kuvu inayoua vyura duniani kote, kitridi, ikakutwa pale. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Huko Marekani, kwenye bustani za Bronx na Toledo, watunzaji nao walikuwa wakizika. Vyura walikufa kwa maradhi, kwa lishe, kwa taa isiyo na mionzi inayofaa. Ilibidi kila kitu cha korongo la Udzungwa kitengenezwe upya ndani ya kisanduku cha kioo: mvuke kwa saa, joto kwa nyuzi, aina za wadudu wa kula. Walipopata kipimo, vyura wakazaana hadi maelfu. Agosti 2010, vyura 100 walirejea nchini kwa ndege, wakapelekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye chumba kilichoandaliwa kwa ajili yao, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Miaka ya safari, taasisi za nchi mbili, maabara, ndege na mabomba, vyote kwa mnyama anayekaa kwenye kijiko cha chai. Nilimwonyesha mzee picha yake baada ya mhadhara, akaishika simu mbali kidogo na macho, akauliza kama wanapiga kelele usiku kama vyura wa kwake.

Korongoni mabomba bado yananyunyiza. Anayeruhusiwa kushuka leo husimama kwanza penye beseni la dawa, anasugua nyayo za viatu vyake moja moja, asije akashusha kuvu nyingine, ndipo anaingia kwenye rasharasha.